Kampala: majuma 18 ambayo wazazi wa wanafunzi wanasahau katika hesabu ya nyumba

Kila mwaka, kabla ya mwezi wa nane, jamaa nyingi za Butembo, Beni, Bunia, Goma na Bukavu zinakaa chini na kupiga hesabu moja: mtoto amepata diplome d'Etat, anataka kuenda kusoma Uganda, itaomba feza ngapi? Wanaandika minervali, usafiri, pasipoti, masomo ya Kiingereza. Kisha mwisho wa karatasi wanaandika neno moja: nyumba. Mara nyingi ile nyumba wanaihesabu kwa haraka, kwa bei waliyosikia kwa mtoto wa jirani.

Lakini wale waliotangulia wanajua kwamba matatizo mengi ya mwanafunzi Mkongomani Kampala hayaanzii darasani. Yanaanzia kwenye mlango wa chumba. Mtu anaweza kufaulu mitihani yake yote na bado akakuta kadena ya pili kwenye mlango sababu ya miezi miwili isiyolipwa. Na tangu mwanzo wa 2025, kisha vita kufika Goma na Bukavu, jambo hili limekuwa nzito zaidi.

Kwa nini Kampala?

Sababu ya kwanza ni barabara. Kutoka Butembo na Beni, mtu anapita Kasindi, anavuka Mpondwe, anaendelea Kasese na Fort Portal mpaka Kampala. Watu wa Mahagi na Aru wanavuka upande wa Goli na Vurra. Kwa wale wa Goma, njia ya Bunagana iko mikononi mwa M23 tangu mwezi wa sita 2022, na wengi wanazungukia Rwanda.

Sababu ya pili ni karatasi. Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 11 mwezi wa saba 2022, na tangu Januari 2024 Mkongomani haombwi tena kulipa viza ya kuingia Uganda. Ile ni feza iliyobaki mfukoni mwa mzazi.

Sababu ya tatu ni vyuo vyenyewe. Makerere, iliyoanzishwa 1922, inajulikana Afrika nzima, na moja ya mabweni yake makubwa ya wanaume inaitwa Lumumba Hall, kwa heshima ya Patrice Lumumba. Kando yake kuna vyuo vya watu binafsi ambavyo vimepokea Wakongomani kwa miaka mingi, hasa upande wa Kansanga na Nsambya, pia Mukono nje ya mji. Mzazi anayetaka mtoto ajue Kiingereza anaona Uganda ni karibu kuliko Kinshasa. Na kwa kweli, kwa mkaaji wa Beni, Kampala iko karibu kuliko Kinshasa, kwa barabara na hata kwa bei.

Garanti ya kwetu na malipo ya mbele ya kule

Kosa la kwanza ambalo jamaa nyingi zinafanya linatoka kwenye mazoea ya nyumbani. Kwetu, mtu akikodi nyumba, anatoa garanti. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu, hata kama kila mkaaji wa Goma ama Bukavu anajua wenye nyumba wanaoomba miezi sita bila aibu. Lakini iwe mitatu ama sita, ile feza inabaki kuwa ya mpangaji. Siku ya kutoka anarudishiwa, ama anaikaa mpaka iishe.

Kampala mambo ni tofauti. Mwenye nyumba akiomba miezi mitatu, kwa kawaida haombi garanti. Anaomba kodi ya mbele. Mwezi wa kwanza ukiisha, theluthi moja ya ile feza imekwisha kuliwa. Mwezi wa ine, mtoto anadaiwa tena. Mzazi aliye Butembo anashangaa: si tulitoa miezi mitatu, bado inakaa kule? Kumbe haikukaa. Anaanza kufikiri mtoto anadanganya, mtoto naye anaona mzazi hataki kuelewa. Jamaa zimegombana sababu ya neno moja tu ambalo halikufasiriwa vizuri.

Wenye nyumba wengine wanaomba vyote viwili: kodi ya mbele na kiasi kingine cha kulinda nyumba isiharibiwe. Njo maana ulizo la kwanza, kabla ya kuuliza bei, liwe hili: katika feza hii ninayotoa, gani itarudi na gani haitarudi? Na jibu liandikwe kwenye karatasi.

Hosteli ama muzigo?

Mwanafunzi anayefika Kampala anakuta njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni hosteli. Ziko nyingi karibu na vyuo: Kikoni na Wandegeya kwa wale wa Makerere, Kansanga na Kabalagala kwa wale wa barabara ya Ggaba. Hosteli inalipwa kwa semesta, si kwa mwezi. Mara nyingi kitanda, maji, umeme na mlinzi viko ndani ya bei. Mtu anaweza kuchukua chumba peke yake ama kukigawanya na mwenzake. Kuna feza ndogo ya kushika nafasi ambayo inaombwa mapema, na ukikosa kufika, mara nyingi hairudi.

Njia ya pili ni muzigo. Hilo ni neno la Kiganda, na Wakongomani wanalicheka siku ya kwanza sababu linafanana na mzigo wa kubeba. Ni chumba kimoja katika mstari wa vyumba, choo na bomba mara nyingi ni vya wote. Kinalipwa kwa mwezi. Wakongomani wengi wanavitafuta Katwe, Makindye na Nsambya, ambako kuna wenzao wa zamani, makanisa yanayoabudu kwa Kiswahili na Kifaransa, na sokoni sombe haikosekani.

Ukiangalia haraka, muzigo unaonekana rahisi. Hapa njo hesabu inapotega watu. Mfano, kwa kuelewa tu, si bei ya mahali fulani: chumba cha shilingi 250 000 kwa mwezi. Miezi mitatu ya mbele ni 750 000. Broka, yule tunayemwita komisionere kwetu, anaweza kuomba sawa na mwezi mmoja: 250 000. Imefika milioni moja, kama dola 278 ukibadilisha kwa shilingi 3 600, na mtoto bado analala chini. Ongeza matela, ndoo, sahani, jiko na makala. Ongeza umeme wa Yaka, ambao unalipwa mbele kwa simu kama kununua inite, na ukiisha saa mbili za usiku, kitabu kinafungwa. Ongeza maji, takataka, na boda ya kila siku kama chumba kiko mbali na chuo.

Sasa chukua hosteli ya milioni moja kwa semesta. Semesta ya Makerere ina majuma 17, kama miezi ine. Miezi ine ya muzigo wetu wa mfano ni milioni moja pia. Kwa hiyo tofauti ya bei ambayo watu wanaisema si kubwa vile, na wakati mwingine haiko kabisa. Kinachotofautisha ni kitu kingine.

Majuma 18

Mwaka una majuma 52. Semesta mbili za majuma 17 ni majuma 34. Yanabaki 18. Yale majuma 18 njo hayaandikwi kwenye karatasi ya mzazi.

Mwanafunzi wa Uganda, semesta ikiisha, anafunga sanduku na kurudi kijijini kwao, Mbarara, Gulu ama Mbale. Hosteli zimepangwa kwa kufuata maisha yake. Wakati wa konje, nyingi zinafunga, zinatengeneza vyumba, ama zinaomba malipo mapya kwa anayetaka kubaki. Hakuna ubaya wala ujanja katika jambo hilo. Ni bei ya semesta, na semesta imekwisha.

Lakini mwanafunzi wa Goma anarudi wapi? Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025. Barabara ya kutoka Goma kuenda Butembo inapita katika maeneo ya vita. Mwingine jamaa yake haiko tena pale alipoiacha: baba yuko Bujumbura, mama na watoto wako kwa shangazi Beni, nyumba ya Sake ama Minova imebaki na kadena, ama haina tena mabati. Hata kwa yule wa Butembo ambaye njia iko wazi, kuenda na kurudi mara mbili kwa mwaka ni feza ambayo ingelipa mwezi mzima wa chumba.

Kwa hiyo Mkongomani anabaki Kampala miezi 12. Na mtu anayebaki miezi 12 hawezi kupiga hesabu ya nyumba kama yule anayebaki 8. Kwa mfano wetu, hosteli ya milioni mbili kwa mwaka inaacha majuma 18 hewani, na muzigo wa milioni tatu kwa mwaka unayafunika yote. Anayelinganisha milioni mbili na tatu bila kuhesabu konje atachagua hosteli, kisha mwezi wa sita atakuwa anazunguka na sanduku, akiomba kulala kwa huyu siku tatu, kwa yule juma moja.

Wanafunzi wengine wamepata namna ya katikati. Mwaka wa kwanza wanakaa hosteli, sababu ni karibu na chuo, kuna mlinzi, na hawajajua mji. Mwaka wa pili, wakishajua mitaa na watu, wanaungana wawili ama watatu na kuchukua muzigo ama nyumba ndogo kwa mwaka mzima. Wengine wanaongea mapema na msimamizi wa hosteli juu ya bei ya konje, kabla ya kulipa semesta ya kwanza, wakati bado wana nguvu ya kusema hapana.

Feza inapokwama njiani

Hata hesabu nzuri inaweza kuvunjika kama feza haifiki. Kisha Goma kuanguka mwisho wa Januari 2025, banki zilifunga milango. Bukavu ilifuata katikati ya Februari. Mfanyakazi wa serikali ambaye mshahara wake ulipitia banki, mfanyabiashara aliyeweka akiba yake pale, wote walijikuta na feza wasiyoweza kugusa. Pesa ya simu ilibaki njia kubwa, lakini feza ya mkono ilipokuwa haba, kutoa pia kukawa na bei yake. Upande wa pili, kijana wa semesta ya pili alikuwa anasubiri kulipa chumba tarehe ile ile.

Hapa hosteli na muzigo vinatofautiana tena. Anayelipa semesta nzima mwanzoni amelindwa miezi ine: vita ikifunga banki, yeye ana kitanda mpaka mitihani. Anayelipa kwa mwezi anapigwa mwezi ule ule. Lakini yule wa muzigo anaweza kuongea na mwenye nyumba, mtu kwa mtu, akapewa majuma mawili. Msimamizi wa hosteli kubwa mara nyingi ana tajiri juu yake na hana ruhusa ya kungoja.

Kuna pia jambo la dola. Mzazi anafunga noti kwenye bahasha na kuipa mtu anayesafiri. Kampala, wabadilishaji wanatoa bei nzuri kwa noti za 50 na 100 za toleo jipya. Noti ndogo ndogo na zile za zamani zinabadilishwa kwa bei ya chini, ama zinakataliwa. Mzazi aliyetuma dola 200 kwa noti za 10 na 20 anafikiri ametuma 200. Mtoto anapokea shilingi pungufu, na mwenye nyumba haelewi habari ya noti ndogo.

Wanaogawanya chumba kimoja nao wanajua hatari nyingine. Watu watatu wanakodi, jina la mmoja tu njo liko kwenye karatasi. Feza ya mmoja ikikwama, wawili wanabeba. Ikikwama ya wawili, yule mwenye jina njo anaitwa. Urafiki wa tangu shule ya msingi umevunjika hivyo. Kabla ya kuingia, waandike kati yao: nani analipa nini, matela ni ya nani, na mmoja akiondoka katikati ya mwaka itakuwaje.

Nani wa kuamini?

Mwanafunzi mpya anatambulika. Anaongea Kifaransa na Kiswahili, na kwenye soko la nyumba Kampala lugha ni Kiganda na Kiingereza. Serikali ya Uganda ilikubali mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, lakini mitaani mambo hayajabadilika sana. Mgeni asiyejua lugha anaweza kutajiwa bei moja asubuhi, na jirani yake Mganda akatajiwa nyingine mchana. Kwa hiyo wa zamani wanashauri: usiende peke yako, na usionyeshe dola.

Udanganyifu unaojulikana sana ni ule wa simu. Picha nzuri za chumba, bei ya chini, na sauti inayosema watu wengine wanakitaka, tuma feza leo. Mzazi aliye mbali anaogopa kukosa, anatuma. Mtoto anafika, chumba hakiko, ama kina mtu ndani tangu zamani. Namna ya kujikinga ni ya kawaida: mwanafunzi afike majuma mawili ama matatu kabla ya masomo, alale kwa ndugu, kwa mtu wa kanisa ama kwa mwanafunzi wa zamani, na asilipe chumba ambacho hajakitia mguu. Akione mchana, akirudie usiku. Usiku njo unaonyesha kama njia ina taa, kama bomba linatoa maji, kama baa ya jirani inapiga muziki mpaka asubuhi. Kwa wasichana, ile ziara ya usiku, wakiwa na mtu wa kuwasindikiza, ina maana kuliko rangi ya ukuta.

Malipo ya hosteli yapitie banki ama ofisi yenyewe, na risiti ibaki kwa mwanafunzi na picha yake itumwe kwa mzazi. Broka alipwe kisha ufunguo kushikwa.

Sheria pia iko. Uganda ilipata sheria mpya ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022. Inaomba mkataba wenye thamani ya shilingi 500 000 ama zaidi uandikwe. Kodi inahesabiwa kwa shilingi, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine, na mwenye nyumba haruhusiwi kuipandisha zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mwanafunzi anayejua mambo haya matatu anaongea tofauti na yule asiyejua.

Lakini kabla ya mahakama kuna mtu wa karibu: mwenyekiti wa LC1, kiongozi wa mtaa, kama vile kwetu tungesema chef de quartier. Mgeni akihamia, ni vizuri aende kujitambulisha na kopi ya pasipoti na karatasi ya chuo. Ugomvi wa kodi ukitokea, ama kadena ikiwekwa mlangoni, yule mwenyekiti anayekujua kwa uso ni wa kwanza kusikiliza. Anayemwona mara ya kwanza siku ya ugomvi anaanza akiwa nyuma.

Karatasi zinashika nyumba

Diplome d'Etat haipokelewi hivi hivi. Inapaswa kulinganishwa na mitihani ya Uganda kwenye ofisi ya UNEB. Anayekuja na graduat ama licence anaelekea kwenye baraza la elimu ya juu, NCHE. Wengi pia wanapita kwanza kwenye masomo ya Kiingereza ya miezi kadhaa. Katika kipindi hicho kijana hajawa mwanafunzi wa chuo, lakini tayari analala mahali na anakula. Ile miezi ya kungoja ni kodi pia, na hosteli ya chuo mara nyingi haimpokei bado.

Kibali cha kusoma nacho kiombwe mapema kupitia chuo. Kuingia bila viza hakumaanishi kukaa miaka mitatu bila karatasi. Vijana wengine, karatasi zikiwashinda ama feza ikiisha, wanafikiri kujiandikisha kama wakimbizi. Kwa aliyekimbia vita kweli, ile ni haki yake na hakuna wa kumlaumu. Lakini kuichukua kama njia fupi ya kupata karatasi ya kukaa ni hatari, sababu mkimbizi hawezi kuenda na kurudi nchini mwake kama mtu wa likizo bila kuulizwa.

Hesabu ya kufanya upya

Kwa mzazi anayejitayarisha sasa, karatasi ya nyumba iwe na mistari mitano badala ya neno moja: miezi ya kungoja kabla ya masomo, kodi ya semesta mbili, majuma 18 ya konje, vifaa vya kuanzia, na kodi ya mwezi mmoja ama miwili inayokaa Kampala kwa mtu mwaminifu, isiyoguswa mpaka siku ambayo feza ya nyumbani itakwama. Mstari huu wa mwisho, miaka iliyopita, ungeonekana kama wa watu matajiri. Kwa jamaa ya Goma ama Bukavu leo, unaweza kuwa tofauti kati ya mtoto anayefanya mitihani na yule anayepanda basi ya kurudi Kasindi katikati ya semesta.

Na kama hesabu ya mistari mitano inapita uwezo, ni vizuri kujua mbele ya safari kuliko kujulia Kampala. Kusubiri mwaka mmoja ama kuanza karibu na nyumbani hakumfungi mtu njia. Kinachowafunga wengi ni kuondoka na feza ya miezi minane kwenye mwaka wa miezi 12.